Swali Moja la Mita

Koili, kizingo cha waya kilichotoka kwenye spika ya mteja, iliangukia kwenye pipa la taka na kulia kama kijiko. Nusu-Injinia hakuisindikiza hata kwa jicho.

"Imekufa hiyo," alimwambia dada yake, mita ya kupimia umeme mkononi. "Mita inasoma sifuri, haizuii kitu, waya mtupu. Na kapasita ndiyo kabisa, haipitishi kitu."

Dada, fundi wa spika na mwenye kibanda, aliendelea kusafisha ncha ya pasi yake ya kuchomelea. Yeye ndiye aliyempa mdogo wake jina hilo, siku aliporudi kutoka chuoni na begi moja na mizaha tele. Wiki iliyopita tu alitega kengele chini ya kiti cha dada mtu. Somo lililomrudisha nyumbani lilikuwa hilohilo, la koili na kapasita. Alilifeli mara mbili. Barua ya kumruhusu alirudie Jumatatu, kwa mara ya mwisho, ilikuwa mezani, imekaliwa na kikombe chake cha chai.

"Umezizika zote mbili kwa kupima mara moja?"

"Mita haidanganyi, dada."

"Haidanganyi. Ila umeme wake ni wa betri, haugeukigeuki. Inauliza swali moja tu. Haya, nenda kaniletee gundi."

Aliporudi, boksi la spika la mteja lilikuwa limefungwa na pipa halina koili. Dada akawasha muziki. Spika kubwa, ya besi, ikatoa kisauti chembamba kama mbu nje ya chandarua. Ile ndogo ikakoroma na kutetemeka kama mzee aliyeshiba.

Nusu-Injinia alicheka mpaka akashika meza. "Umezibadilisha koili na kapasita."

"Nimezibadilisha. Sasa niambie, maiti ni ipi?"

Kicheko kikamkauka polepole. Aliinama, akagusa spika ndogo kwa kidole, besi ikamgonga. Mawimbi ya polepole yalikuwa yamepenya kwenye koili bila bughudha, yale ya haraka yakakuta mlango umekazwa. Kapasita, kinyume chake: kadiri mawimbi yalivyokwenda mbio, ndivyo ilivyoyaachia njia. Umeme wa betri, uliosimama, ungeyajulia wapi hayo? Miaka miwili alikariri fomula zake kama kasuku, na leo ndiyo kwanza zimegusa kidole chake.

"Kumbe kila moja ina wa kumkatalia," alisema, kama anayejisemea.

"Zirudishe mahali pake. Mwenyewe anakuja saa kumi."

Alichomelea mwenyewe, ulimi nje. Muziki ulipowashwa tena, besi ilikaa chini, sauti nyembamba zikapanda juu, kila moja kwake.

"Na ile barua?" Dada alikuwa akikunja waya. "Chai imeimaliza?"

"Imelowa tu."

Aliinua kikombe. Duara la kahawia lilikuwa limeizunguka tarehe ya Jumatatu. Akaitandaza barua juu ya boksi la spika ikauke, nayo ikaanza kutetemeka taratibu kwa besi.

Hakuna aliyepunguza sauti.