Miadi ya Saa Tisa, Kinanira

Mimi ndiye niliyempangia Mchungaji Télesphore maisha yake, na mtu asinipoze moyo kwa kuniambia kwamba sikuwa na kosa.

Kabla yangu alikuwa mtumishi wa Mungu asiyejua leo ni siku gani. Aliwahi kumwacha bibi harusi amesimama mlangoni pa kanisa saa mbili nzima, jasho limemharibia poda yote, huku yeye yuko Kajaga akimwombea mvuvi aliyeumwa jino. Jino! Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya ukatibu wizarani miaka kumi na minne kabla ya kuja kulitumikia kanisa letu dogo la Nyakabiga, na mambo ya namna hiyo yalikuwa yakinipandisha presha. Januari ya mwaka 1994 nikamnunulia ajenda, kile kitabu cha tarehe ambacho wiki nzima unaiona kwenye kurasa mbili. Nikamwambia, Mchungaji, kuanzia leo wewe hukumbuki kitu chochote. Unaandika.

Kisha nikaanzisha kadi. Kila muumini kadi yake: jina, mtaa, barabara, namba ya nyumba, ugonjwa kama upo, ombi lake, na tarehe aliyotembelewa mara ya mwisho. Kalamu nyekundu kwa wagonjwa, bluu kwa waliokwisha kuonwa. Mawazo, fundi seremala aliyeimba besi kwenye kwaya yetu, akatutengenezea droo ndefu ya kuzipanga kwa herufi, na ilifunguka kwa kidole kimoja. Kadi zote nilizipiga mashine mwenyewe. Sijisifu, lakini ukinitajia jina nilikuwa nakupa nyumba kabla hujamaliza kulitamka.

Mchungaji akawa kama aliyeokoka mara ya pili. Akaanza kufika kabla ya wafiwa. Akawakusanya wachungaji wenzake wa mjini akawafundisha siku nzima jinsi ya kupanga kesho tangu leo, jinsi ya kugawa saa za sala na saa za ziara, na kila baada ya dakika kumi alikuwa anarudia kwamba kama hujaandika, hujafanya. Wale wengine walicheka, kisha wakaja kuniuliza bei ya ajenda.

Halafu ukaingia mwaka 1995. Mitaa ikagawanyika kwa kabila, huu wa hawa, ule wa wale, na watu wetu wakaanza kuhama na magodoro kichwani. Sisi tulifanya nini? Tulifuta anwani ya zamani, tukaandika mpya. Fulani sasa yuko kwa shemeji yake Bwiza, nyumba ya tatu baada ya kinu. Fulani analala stoo ya duka, gonga mara mbili. Mchungaji alisimama madhabahuni akamshukuru Mungu kwamba kanisa letu halijampoteza mtu hata mmoja. Nami nilikaa benchi la mbele nimejaa fahari mpaka shingoni. Mimi ninayeona herufi iliyokosewa kutoka upande wa pili wa meza, sikuona kwamba mji mzima ulikuwa unajificha na sisi tulikuwa na orodha.

Aliyeona ni Népomuscène.

Alikuja Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi. Alikuwa mtoto wa kanisa, amebatizwa na Mchungaji mwenyewe. Hata yeye alikuwa na kadi, na kwenye mstari wa maombi niliandika: apate kazi. Miezi ile alikuwa amekwisha kuipata, yeye na wenzake, kazi ya kuwasaka watu majumbani, na mtaani watu waliposikia viatu vyao walikuwa wanafunga madirisha.

"Mwaramutse, mama sekretere," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Nasikia muko na fishi za batu bote."

"Ni kadi za maombi," nikamjibu.

"Ni vizuri sana. Mi natafuta moja tu. Ya Mawazo, fundi wa mbao. Alinitengenezea kabati, mulango yake inakwama. Nataka akuye aitengeneze."

Nikatazama nje. Langoni walisimama vijana watatu, hawaongei. Kabati moja haihitaji watu wanne.

"Droo imefungwa," nikasema. "Funguo iko na Pasta."

Nilikuwa nimeikalia. Alinitazama kwa upole kabisa.

"Apana tabu, mama. Nitarudi kesho, saa ine. Andika."

"Niandike nini?"

"Randevu yangu. Si Pasta anasemaka, kama haujaandika haujafanya?"

Jumanne asubuhi ajenda ya Mchungaji ilikuwa inabaki mezani kwangu niinakili. Nikaifungua. Mwandiko wangu, nasikia aibu kusema, ulitoka mzuri kama siku zote. Aliinama juu ya bega langu akasoma wiki nzima taratibu, midomo ikichezacheza. Alhamisi, saa kumi: M., Kinanira. Nilijua ameliona. Hakuuliza kitu. Aliaga akaenda zake.

Sasa nieleze. Mawazo alikuwa Kinanira tangu Pasaka, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mzee Massoudi, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa akimpa kazi zamani na hakuuliza maswali. Mke wake na watoto walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Ijumaa ya wiki ile ile wavuvi wa Kajaga walikuwa wamekubali kumvusha na yeye. Alitakiwa kukaa kimya siku tatu tu. Ajenda ilisema Kinanira, basi, na Kinanira ina nyumba nyingi zenye kuta na mageti. Namba ilikuwa kwenye kadi.

Sikumngoja Mchungaji. Nilitoa jiko la makaa uani mchana kweupe, nikateleka maharagwe, na motoni, chini ya sufuria, nikatia kadi, tano tano, kuanzia herufi A. Jirani akipita anaona mwanamke anapika. Zilikuwa kadi mia mbili na kumi na nne. Nilipofika kwa wale watoto wawili waliowekwa kwa bibi yao na mama yao hajui waliko, nililia, lakini nilizitia. Maharagwe yaliiva vizuri.

Mchungaji alirudi saa kumi na moja akaikuta droo tupu. Akaivuta, akairudisha, akaivuta tena.

"Consolate, umenipofusha," alisema. "Nitawapataje sasa?"

"Hutawapata. Na wao hawatapatikana."

Alikaa chini akashika kichwa. Kisha akasimama ghafla, akasema anakwenda Kinanira kumwambia Mawazo ahame. Hapo nikamkemea, mimi karani, nikamkemea mchungaji wangu. Nilimwambia wanatutazama. Nilimwambia kuanzia saa hii hakuna hata mmoja wetu atakayekanyaga Kinanira, awe anaumwa, awe anakufa, mpaka Ijumaa ipite. Akatii. Tangu nimpe ajenda alikuwa ananitii. Nikamtuma Kajaga kesho yake alfajiri ahakikishe mtumbwi, na nikamwomba alale huko huko asije akasahau akajikuta anatembelea watu.

Jumatano saa nne kamili Népomuscène akaingia. Hakuchelewa hata dakika. Mafundisho ya Mchungaji yalikuwa yamemwingia.

Nikaivuta droo mwenyewe nikamwonyesha. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Usiku ule niliwaza ni meno gani nitayapoteza, na nilivaa kitenge cha zamani ili damu isiharibu kizuri. Yeye aliingiza mkono akapapasa mbao, akanusa vidole.

"Ulizichoma," akasema. "Ni akili. Lakini apana tabu, mama. Fishi haina kazi tena. Leo saa tisa kamili tuko kwake, kule Kinanira."

Akaniaga kwa heshima na mikono miwili.

Nilikaa kwenye kiti kile nikahesabu. Kama hajui nyumba, kwa nini anataja saa? Maisha yangu yote nimeshughulika na miadi, na sikuwahi kuona mtu anayeweka saa ya kufika mahali asipopajua. Amekwisha kumpata. Labda mtumishi wa jirani amesema, labda mtu amemwona akitupa maranda. Na mimi nilikuwa nimesema mtu asikanyage kule! Mchungaji yuko Kajaga. Simu kwa mzee Massoudi ilikuwa imekatwa tangu wiki iliyopita. Saa tano ikafika, nikasema tulia, Consolate. Saa sita nikasema tulia. Saa ya ukutani ilikuwa inanipiga mgongoni. Mtu mwingine angeweza kukaa hapo akaomba. Mimi nikishaambiwa saa, miguu haikai, na kanisa zima la Nyakabiga lilikuwa linanijua hivyo na kunitania kwayo.

Saa saba nikatoka.

Sikuwa mjinga. Nilipita sokoni, nikaingia duka la vitambaa nikasimama nyuma ya mabunda ya vitenge mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilipanda taksi, nikashuka mapema, nikapanda kilima kwa miguu nikigeuka kila kona. Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke mwenye ndizi, mtu anayesukuma baiskeli, na askari wawili waliosinzia kwenye kizuizi. Wale watatu sikuwaona. Népomuscène sikumwona. Nilianza hata kujisikia vizuri, Mungu anisamehe. Nilikuwa na saa nzima mbele yao.

Mama Mwanne, mke wa mzee Massoudi, alinifungulia geti akiwa na unga mikononi.

"Karibu, mama. Kuna nini? Unahema."

"Fundi yuko?"

Alinionyesha nyuma. Mawazo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba chake, anapiga msasa mguu wa kiti. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeota ovyo. Aliponiona alicheka kwa furaha mpaka nikaona pengo lake, kwa sababu tangu Pasaka hakuwa ameona mtu wa kanisani isipokuwa Mchungaji.

"Consolate! We mwenyewe! Karibu, karibu, nikutafutie kiti."

"Apana kukaa. Vaa viatu. Wanajua uko hapa, wanakuya saa tisa."

Hakubishana. Aliingia ndani akatoka na viatu, akaketi kuvivaa, vidole vinakosea kamba. Mama Mwanne alikuwa ameshaanza kufunga mkate kwenye kitambaa. Nilisema tutatokea upande wa juu, kuna njia ya watu wa bustani. Nilitazama saa yangu: saa nane na dakika tano.

Geti likagongwa. Kidogo tu, kama mgeni mstaarabu anavyogonga. Kabla mtu hajafika likasukumwa, maana kwa haraka yangu nilikuwa nimeingia bila kulikomea.

Aliingia yule mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli nyuma yangu kilimani. Nyuma yake Népomuscène, na wale watatu.

Népomuscène aliutazama ua, chumba cha nyuma, kiti chenye msasa, kama mtu anayeona mahali kwa mara ya kwanza. Kisha akatazama saa yake ya mkononi.

"Mama sekretere," akasema, "umefika mbele ya saa. Asante."

Ndipo nikajua kwamba hakuwa ameijua nyumba. Alikuwa na neno moja tu, Kinanira, na saa aliyoitunga, na alinijua mimi.

Mawazo hakuwatazama wao. Alikuwa bado ameketi kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na alinitazama mimi. Sura yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayejumlisha.

"Consolate," akasema, "kumbe ni we."

Walimshika kabla sijamjibu.