Kiti cha Bingwa na Gemu Mpya ya Wahab

Mwaka 2011 mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa mieleka hapa Bwera, na nilikuwa na miaka sitini na saba. Nasema mieleka ya gemu, ile ya kwenye televisheni, maana mgongo wangu hata jerikeni iliyojaa ulikuwa umeshaikataa.

Chumba cha gemu kilikuwa cha Wahab, ukuta kwa ukuta na jiko langu. Wahab aliendesha malori ya jeshi kabla ya kupata lake mwenyewe, na hata akikukaribisha chai ungedhani anakukamata. Siku ya kwanza nilikwenda pale kulalamika kuhusu kelele. Akaniambia, "Keti hapo, mama. Ngoja huyu amalizwe, halafu useme." Nikaketi. Yule mtu hakumalizwa upesi, nami nikasahau nililokwenda kusema.

Gemu ya wakati ule ilikuwa ya taratibu. Wapiganaji walichoka kama watu. Ukimrusha mwenzako mara tatu, wa kwako anashika kiuno na kuhema. Wengine walibonyeza padi bila kupumzika, vitufe vyote kwa pamoja, wakamaliza pumzi ya mpiganaji wao mapema. Mimi nilimchagua Kifaru, aliyekuwa mzito kuliko wote, nikaweka kidole gumba juu ya kitufe kimoja tu, kile cha kugeuza pigo, nikangoja. Akija, namgeuza. Akija tena, namgeuza tena. Pigano moja lilichukua nusu saa. Ronnie wa bodaboda alitoka pale shati limelowa, na mimi mkono wangu mwingine ulikuwa umemaliza kuchambua maharage ya jioni.

Bingwa alipewa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mkanda uliokatwa kwenye tairi la lori, na mbele yake kifuniko cha kopo la samli kilichotobolewa kwa msumari mpaka kikasomeka BINGWA. Huo niliutundika nyumbani karibu na kalenda ya kanisa, na padri alipokuja kutembea aliutazama, hakuuliza. Cha pili kilikuwa kiti. Chumba kizima kilikuwa na kiti kimoja tu chenye mgongo na mikono, mto wake wa sponji umevikwa kitambaa cha maua ya njano, kimewekwa kwenye kona, dirishani. Wengine wote waliketi juu ya mbao zilizolazwa kwenye matofali. Sheria ya Wahab ilikuwa fupi: mwenye mkanda ndiye mwenye kiti.

Bila mkanda ningeweza kuishi. Bila kiti, hapana. Kwenye ubao naweza kukaa muda wa kusali Baba Yetu mara kumi. Baadaye mguu wa kushoto unakufa ganzi na kiuno kinaanza kunisema. Nikipoteza mkanda, napoteza kiti, na nikipoteza kiti nabaki jikoni kwangu, nikisikiliza wenzangu wakicheka upande wa pili wa ukuta.

Basi baada ya Pasaka Wahab akatangaza kwamba gemu mpya inakuja.

Alibandika ukutani karatasi moja ya rangi. Ilikuwa na picha ya mpiganaji mwenye mabega kama magunia mawili ya kahawa na miguu kama ya korongo. Bright, fundi cherehani wa mlango wa tatu, aliisogelea na futi yake.

"Huyu shati lake linataka mita nne," akasema. "Suruali nitaitoa kwenye mabaki."

"Si mutu wa kushonewa, ni mutu wa kupiga," Ronnie akamjibu. Kisha akanigeukia. "Mukaka, hii mupya haina mambo ya kungojea. Bapiganaji beko banaruka juu ya taa, banarudi chini na moto. Wewe utangoja, utakufa na ungali unangoja."

Mukaka maana yake bibi. Waliniita hivyo wote, wajukuu na wasio wajukuu.

"Nitakufa nimekaa," nikamwambia. "Wewe kila siku unakufa umesimama."

Walicheka, lakini nilimwona akikitazama kiti.

Kungojea kule kulikuwa kazi. Wahab alisema gemu iko Kampala. Wiki iliyofuata akasema imetoka Kampala. Kisha ikalala Mbarara, hakuna aliyejua kwa sababu gani. Tuliifuatilia kama mgonjwa anayehamishwa hospitali. Mtu akiingia dukani kununua sukari anaulizwa, "Imefika wapi?" na hata asiyejua gemu ni nini anajibu, "Bado Mbarara." Sylivia, muuza sambusa, alichonga padi kwa kipande cha sabuni ya kufulia, akapachika maharage mahali pa vitufe, awe anazoesha vidole akingojea mafuta yachemke. Siku chache baadaye kila mtu alikuwa na yake. Mimi pia nilichonga. Nilifanya mazoezi siku mbili. Ya tatu ilikuwa siku ya kufua, na sabuni ni sabuni.

Halafu Swalik, dereva wa teksi ya Kasese, akaleta habari mbaya. "Kasese imefika," akasema. "Jana. Watu wamejaa mpaka barabarani."

Bwera nzima ilinuna. Ronnie alisema batu ya Kasese hawajui hata kushika padi. Wahab akaenda kuosha lori lake ambalo lilikuwa safi.

Juma lile nilikuwa na safari ya Kasese kuchukua miwani yangu. Niliondoka na Swalik asubuhi. Akasimama kidogo Kikorongo kuteremsha abiria, nami nikanunua ndizi mbivu. Duka la miwani liliniambia ningoje saa moja. Nilikuwa nimeketi nje pale niliposikia kelele, na kelele zile nilizijua. Nilizifuata mpaka kwenye mlango wa chumba kimoja kilichojaa migongo ya watu. Kijana mmoja aliniona, akanipisha bila kuuliza, labda akidhani nimekuja kumtafuta mjukuu nimpige.

Nikaiona.

Wapiganaji walikuwa wanene juu, wembamba chini, kama walivyo kwenye karatasi. Mmoja alimshika mwenzake mguu, akamzungusha kama kitambaa cha kufukuzia nzi, akapaa naye mpaka wote wawili wakapotea juu ya televisheni. Kisha wakarudi chini pamoja, sakafu ikapasuka, nyota zikaruka, na mmoja akasimama akiwaka moto mabegani bila kuungua. Nilicheka peke yangu pale mlangoni mpaka machozi yakatoka. Ilikuwa tamu. Nilitaka kuishika palepale.

Lakini nilikuwa na ndizi mkononi, na hapo ndipo niliposhtuka. Kabla sijaimaliza, mapigano mawili yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyechoka. Hakuna aliyeshika kiuno. Hakukuwa na pa kungoja.

Nilirudi Bwera nikaenda moja kwa moja kwa rafiki yangu Naswiba, muuza vitenge. Tulifahamiana tangu watoto wetu walipokuwa wakichanganya viatu. Yeye hakucheza gemu hata siku moja. Alikuwa akija kusimama mlangoni tu, kunitazama nikishinda. Nilimweleza yote.

"Pigano moja linachukua muda gani?" akauliza, huku akipima kitambaa.

"Nusu ndizi."

Aliacha kupima. "Na anayeshindwa anatoka kwenye kiti kila mara?"

"Ndiyo sheria."

"Kila nusu ndizi?"

"Naswiba, ninakwambia nitakaa kwenye ubao, wewe unahesabu ndizi."

Alicheka kimya, mabega tu yakitikisika, mpaka akalazimika kukipima kile kitambaa upya. "Usiwaambie ulichokiona," akasema. "Waache waone wenyewe."

Gemu ilifika Jumamosi, baada ya saa sita, ndani ya shati la Wahab. Aliitoa kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Hata watu wa Mpondwe walikuja. Naswiba naye alikuja, na hilo lilinishangaza, kwa maana ilikuwa saa ya wateja na alikuwa amefunga duka. Alisimama mlangoni na kipimo chake cha mbao.

"Bingwa mbele," Wahab akaamuru. "Mpinzani mbele. Kaa. Anza."

Mpinzani alikuwa Ronnie. Kifaru alikuwepo hata kwenye gemu mpya, mabega yameongezwa. Niliweka kidole changu kwenye kitufe changu, nikangoja. Ronnie hakungoja. Kifaru alipaa, akageuka mara nne hewani kama chapati, akatua kwa kichwa. Nilipopata kuvuta pumzi, televisheni ilikuwa imeshaandika jina la mshindi.

Hakuna aliyepiga kelele. Nafikiri waliona aibu. Nilifungua mkanda, ambao siku hiyo nilikuja nimeuvaa, nikampa, nikasimama. Ronnie aliupokea kwa mikono miwili.

"Pole, Mukaka," akasema. "Si mimi, ni gemu."

"Kaa kwenye kiti chako," nikamwambia, na nikaenda kwenye ubao wa mwisho, nyuma ya foleni.

Akakaa. Alijinyoosha, akaweka mikono pale pa mikono, akapumua. Hapo hapo Bright akamwita wacheze, na kabla Ronnie hajapata sehemu laini ya mto, alikuwa ameshindwa. Akasimama. Bright akapanda juu ya magoti ya watu mpaka kwenye kona, akafunga mkanda, akakaa, na Sylivia akamtoa. Bright akashuka juu ya magoti yaleyale. Sylivia akapanda. Mkanda ulikuwa na tundu moja tu, lililotobolewa kwa kiuno changu, kwa hiyo Sylivia aliushika kwa mkono na kucheza kwa mwingine, akashindwa na mtu wa Mpondwe ambaye hakuna aliyemjua jina. Huyo alijikwaa kwenye waya wa padi akienda kuketi. Televisheni ikayumba. Wahab akaidaka kwa kifua.

"Songa. Keti. Simama wewe. Wewe, shuka," Wahab alikuwa akisema. "Nani bingwa?"

"Mimi."

"Si wewe, wewe umeshashindwa."

"Nimeshashinda tena."

Bright alikanyagwa mguu mara tatu, mara mbili na mtu mmoja. Foleni ilivunjika, waliotolewa wakarudi mbele, na mkono wa kiti ukaanza kulia. Waliokuwa nje wakasukuma ili waone, waliokuwa ndani wakasukuma ili wasikanyagwe. Kwa hesabu yangu kiti kilibadilisha mtu mara kumi na tatu kabla mguu wangu wa kushoto haujafa ganzi kabisa. Hapo zamu yangu ikafika.

Sylivia ndiye aliyekuwa na mkanda tena. Safari hii sikuweka kidole. Nililaza kiganja kizima juu ya padi, nikaikanda kama unga wa chapati. Sijui nilibonyeza nini. Kifaru aliruka juu ya taa akiwa na mpinzani mkononi, sakafu ikapasuka, na mabega yake yakawaka. Chumba kikasema "aaa" kwa pamoja. Nikafunga mkanda, nikapanda juu ya magoti ya watu, taratibu, nikiomba radhi kwa kila goti, nikafika kwenye kona na nikakaa.

Naswiba akagonga mlango kwa kipimo chake.

"Wahab, hebu simamisha. Watu wameumia miguu, televisheni ilitaka kuanguka, na nje kuna watu ambao hawajagusa padi. Tatizo si gemu. Tatizo ni kiti. Mkanda uzunguke, kiti kisizunguke. Aliyekaa akae hapohapo, kuanzia sasa."

"Kweli," Bright akasema, akishika kidole chake cha mguu.

"Anayekubali, mkono juu," Wahab akaamuru.

Mikono yote ikapanda, na wa Ronnie ulipanda juu kuliko yote, kwa sababu alikuwa ametolewa mara tano na alikuwa ameshachoka kupanda na kushuka. Wahab akasema, "Imepita." Ndipo Ronnie akageuka, mkono bado uko juu, akatazama kwenye kona.

"Ngojeni. Nani iko kwenye kiti?"

Nilimpungia.

"Hapana. Hapana, afande," akamwambia Wahab. "Tuanze kesho. Tupige kura tena."

"Ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha, lakini sikuangalia."

"Basi umeipitisha na wenzako. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Bright. Nilikanda kwa nguvu zangu zote, lakini Kifaru alirushwa nje ya uwanja, akapita katikati ya watazamaji, akapotea kabisa. Nilifungua mkanda nikampa Bright nikiwa nimekaa. Aliushikilia kiunoni, akacheza amesimama, akashindwa, akaupitisha kwa anayefuata, na hakuna aliyekanyagwa.

Naswiba alikuwa ameshaondoka kwenda kufungua duka.

Ronnie alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Mukaka, sema kweli. Ulikuwa unajua."

"Nilijua gemu ni ya haraka. Niliiona Kasese."

"Na hukusema."

"Ungeniamini? Ulisema Kasese hawajui kushika padi."

Nyuma ya kichwa chake watu wawili walikuwa wanapaa pamoja kuelekea juu, na mmoja alikuwa ameanza kuwaka.

"Sasa sogea kidogo, Ronnie," nikamwambia. "Hapo unanizibia."