Soseji ya Pili ya Elwyn

Msiniulize kwa nini sikuacha kwenda. Dada yangu ameshaniuliza, mchungaji wangu ameshaniuliza, hata Duane Kessler, daktari wa meno, aliniuliza huku koleo lake likiwa mdomoni mwangu. Duane huyu huyu anayekaa nyuma yangu pale uwanjani na kengele ya ng'ombe mkononi, na hajakosa mechi hata moja! Nilimkodolea macho tu. Ningejibu nini na mdomo umejaa chuma?

Chuo cha Dunmarrow kilikuwa kimefungwa mechi kumi na nne mfululizo. Kumi na nne, jamani. Timu yetu inaitwa Mabata Bukini, na kusema kweli bata wa kwenye bwawa la mji wana mpango mzuri zaidi wa kwenda mbele. Vijana siwalaumu. Namlaumu Kocha Fenner, mtu mwenye ugonjwa mmoja usio na dawa: woga. Kwenye mpira wetu wa Kimarekani, unaobebwa mikononi, timu inapewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi kumi. Ukishindwa mara tatu, unaweza kujitosa mara ya nne, au unaweza kuupiga teke uwaendee wapinzani huko mbali. Fenner aliupiga teke siku zote. Tuko nyuma kwa mabao manne, anaupiga. Zimebaki dakika mbili, anaupiga.

"Huyu ukimpa sahani ya chakula," Duane alikuwa akisema, "akila vijiko vitatu anampa jirani."

Na watu walikuwa wameshachoka. Uwanja una viti elfu sita, na Jumamosi hiyo ya Novemba, mwaka wa tisini na nne, ungeweza kulala chali kwenye safu nzima bila kumgusa mtu. Mkuu wa chuo alikuwa ametuandikia barua, eti sote tuhamie upande wa magharibi ili kwenye picha za gazeti uwanja uonekane umejaa. Nilikwenda na barua ile. Nilikwenda nayo kwa sababu benchi lilikuwa na barafu na nilihitaji kitu cha kukalia. Halafu kipaza sauti kikatangaza, bila haya, kwamba waliohudhuria ni elfu mbili na mia moja.

"Wamehesabu mikono na miguu," akasema Elwyn.

Elwyn Haugen ndiye aliyekuwa akikaa kushoto kwangu. Alikuwa mpeleka barua wa mji mpaka alipostaafu, na siku hiyo alikuwa na miaka sabini na moja. Kiti chake na changu ni vya tiketi ya msimu, vimeshikana tangu mwaka wa sabini. Miaka ishirini na minne nimekaa ubavuni mwa mtu yule zaidi kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu, ambaye alikuwa na akili zake na alibaki nyumbani.

Sasa, mechi ile haikuwa mechi tu. Ilikuwa ya chuo cha Pruitt. Dunmarrow na Pruitt hukutana kila Jumamosi ya mwisho ya msimu kugombea Ndoo, ndoo kuukuu ya kukamulia maziwa, imebonyea upande mmoja, huwezi hata kumpa nguruwe maji nayo. Ukishinda, nahodha anaizungusha kando ya uzio na kila aliyeiona mechi anaigonga kwa kidole. Aliyeiona, si mwingine. Mwenye kuchelewa, mwenye kusikiliza redioni, mwenye kusimuliwa, hao hawagongi. Baada ya hapo inafungiwa kwenye kabati la kioo. Na sare haisaidii, kwa sababu mkitoka sare aliyekuwa nayo anaondoka nayo.

Katika miaka yote ya Elwyn pale, Ndoo ilikuja nyumbani mara moja tu, mwaka wa sabini na tano. Siku hiyo Elwyn alikuwa Des Moines, kwenye harusi ya shemeji yake.

"Nani anaolewa Jumamosi ya Pruitt?" huniambia kila mwaka, kama nilikuwa mimi bibi harusi. "Na ndoa yenyewe haikufika Krismasi!"

Na sasa muda wake ulikuwa umekwisha. Nyumba ilikuwa imeuzwa. Binti yake Joanne alikuwa amekuja kumchukua, na wakati sisi tunaingia uwanjani yeye alikuwa anafunga sahani kwenye magazeti. Jumatatu asubuhi wangeondoka kwenda Arizona, kwa sababu mapafu ya Elwyn hayakutaka tena baridi yetu.

"Sitaki mengi, Lorna," aliniambia pale getini. "Nataka niione mara moja kwa macho yangu, niigonge, halafu nikaozee huko kwenye miiba yao."

Nilimwambia anyamaze, aangalie ngazi.

Mchezo ulianza saa saba mchana, na kufikia saa saba na nusu nilikuwa nimeshapoteza sauti. Pruitt kumi na nne, sisi yai. Fenner alikuwa ameupiga teke mara tano. Hata Pruitt wenyewe walikuwa wanaona aibu kuupokea.

Ndipo Elwyn akaenda chooni. Hajafika hata chini ya ngazi, kijana wetu mmoja akaudaka mpira, akakimbia nao yadi sitini, bao la pointi sita, na teke la nyongeza likaleta ya saba. Kumi na nne kwa saba! Elwyn akarudi anafunga zipu ya koti, anauliza kelele za nini. Mpira uliofuata, mrushaji wetu aliuangusha miguuni mwake mwenyewe kama sahani yenye sabuni.

"Ala!" akasema Duane. "Mmeona hiyo?"

"Tumeona nini?" nikamuuliza.

"Elwyn ametoka, bao. Elwyn amerudi, balaa."

"Acha upuuzi, Duane. Umesomea udaktari."

"Wa meno," akasema Duane. "Hili si la meno."

Mapumziko wanafunzi wakaondoka wote. Wote! Walikwenda zao mabwenini kunywa bia, wakatuachia sisi wazee timu yao. Tukabaki labda mia tatu. Katika robo ya tatu Elwyn alishuka kwenda kununua kahawa, na kabla hajalipa tulikuwa tumeshasawazisha, kumi na nne kwa kumi na nne. Duane aliipiga kengele mpaka mlio wake ukaniingia kwenye meno aliyoyaziba. Kisha akageuka akawapigia kelele walioko chini karibu na mlango: "Mzuieni huyo mzee! Asirudi!"

Lakini Elwyn alirudi, kahawa mkono mmoja, soseji mkono mwingine, uso umemng'aa. Alikuwa amekosa mabao yote mawili na bado alikuwa anacheka. Akakaa. Pruitt wakaja mpaka karibu na kwetu, wakajipanga wapige mpira katikati ya milingoti. Mimi hapo nikavuta kofia ya sufu mpaka kidevuni. Mpira ukielekezwa milingoti sitazami, tangu zamani, moyo wangu hauwezi. Nikasikia wale wachache wa Pruitt wakishangilia, nikaiinua kofia. Kumi na saba kwa kumi na nne. Zimebaki dakika nne.

Hapo kila mtu katika safu zetu akamgeukia Elwyn. Mama mmoja ambaye huleta blanketi la waridi na simjui jina alikuwa anamtazama kama anayemtazama mbwa aliyekojoa kwenye zulia.

"Elwyn," akasema Duane, tena kwa upole, jambo lililonitisha. "Rafiki yangu. Ni dakika nne tu."

"Nimekuja kuiona mimi," akasema Elwyn.

"Ukikaa hutaona kitu. Utaona tukifungwa, basi, na hiyo umeshaiona."

Elwyn akanigeukia mimi. Na hapa ndipo ninapojichukia mpaka leo. Nilijua anachokitaka mtu yule. Nilikuwa nimekisikia miaka ishirini na minne. Kazi yangu ilikuwa kumwambia Duane ameze kengele yake. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani, nilikuwa nimechoka kufungwa! Nilikuwa nimefungwa kwa mvua, kwa theluji, nimefungwa nikiwa na homa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Elwyn," nikasema, "kanunue soseji."

Akaitazama ile iliyokuwa mkononi mwake, hajaiuma hata mara moja. "Ninayo soseji, Lorna."

"Kanunue nyingine."

Akaweka kahawa yake juu ya kiti ili kimngojee, akasimama, akajifunga skafu. "Utaniambia kila kitu?"

"Kila kitu."

"Usiruke."

"Sitaruka, nenda!"

Akashuka ngazi moja moja, ameishikilia ile reli. Alipopotea tu chini ya jukwaa, Mabata Bukini wakaanza kwenda. Yadi nane. Yadi kumi na mbili. Mimi nilikuwa napiga kelele na koo linaniuma, na kila yadi nilikuwa naihifadhi kichwani kwa ajili ya Elwyn: nani kakimbia, nani kaanguka, nani kateleza kwenye matope. Zikabaki sekunde sita, yadi tano kufika kwenye mstari wa bao. Na Fenner akafanya nini? Akamwingiza mpigaji wa milingoti! Pointi tatu, sare, Ndoo inarudi Pruitt!

Kelele zilizotoka kwa watu mia tatu zingemfukuza fahali. Duane alikaa chini. Sijawahi kumwona Duane amekaa.

"Vijiko vitatu," akasema. "Vijiko vitatu, mjinga huyu."

Nami nikavuta kofia. Nikasubiri mlio wa mguu kwenye mpira. Haukuja. Kukawa kimya, kisha mtu akapiga ukunga, kisha mbao zote za jukwaa zikaanza kutetemeka. Nilipoivua kofia, uwanjani palikuwa na rundo la watu na mwamuzi ameinua mikono yote miwili juu. Bao. Ishirini kwa kumi na saba. Fenner, mwoga yule, alikuwa amejifanya atapiga milingoti, akawadanganya wote, hata sisi!

"Ilikuwaje?" nikapiga kelele. "Duane, ilikuwaje?"

Lakini Duane alikuwa ameshauruka uzio na kengele yake. Mama wa blanketi alikuwa amelitupa blanketi na anakimbia. Nilibaki peke yangu na kahawa ya Elwyn.

Nilimkuta nyuma ya kibanda cha soseji, amegeukia ukuta wa saruji, kofia mkononi, soseji mbili zimepoa juu ya pipa. Hakugeuka.

"Tumeshinda?"

"Tumeshinda, Elwyn."

Mabega yake yakashuka. "Haya. Niambie."

Nikamwambia. Yadi kwa yadi, sikuruka kitu, mpaka zile sekunde sita. Hapo nikajitengenezea yangu. Nikasema yule anayemshikia mpigaji mpira aliinuka nao, akawazunguka kwa kushoto, akawapiga chenga wawili, akaruka. Nilitia chumvi, nikatia na pilipili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lorna."

"Naam."

"Ulifumba macho."

Machozi yakanitoka pale pale mbele ya pipa la taka.

"Nakujua," akasema. "Kila mara unafumba. Ulinitoa nje, halafu ukafumba macho!"

"Nisamehe, Elwyn."

"Mungu wangu, mwanamke wewe." Akaanza kucheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. Akavaa kofia yake. "Twende nyumbani. Joanne anangoja."

Tulipotokea kwenye mwanga, nahodha alikuwa anapita kwenye uzio na Ndoo kifuani, kijana mpana kama jokofu, uso wote matope. Watu walikuwa wanagonga, ko, ko, ko. Akaisogeza kwa Elwyn. Elwyn akarudisha mikono nyuma.

"Hapana, kijana. Sikuiona."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka nimshike mkono nimgongeshe kwa nguvu! Lakini nilikuwa nimeshamsukuma mara moja siku hiyo, ikatosha.

"Lile bao la mwisho," Elwyn akamuuliza. "Ilikuwaje hasa?"

Kijana akajikuna. "Kusema kweli sijui, mzee. Nilikuwa chini kabisa. Kuna mtu alinikalia kichwani. Nimesikia kelele tu."

"Kelele tu?"

"Kelele tu."

"Na umeigonga?"

"Mimi? Mimi wa kwanza!"

Elwyn akamtazama yule kijana, akanitazama mimi, akavua glavu ya mkono wa kulia. Akaigonga pale ilipobonyea, mara moja, taratibu, kisha akauacha mkono wake juu ya bati kwa muda mrefu, na kijana yule, Mungu ambariki, hakumharakisha.

Jumatatu waliondoka. Sikwenda kuaga, nilikuwa kazini jikoni nawapikia watoto wa shule, na hata ningekuwa na nafasi nisingeweza.

Septemba iliyofuata Mabata Bukini walifungua msimu nyumbani, na Fenner, aliyeongezewa mkataba kwa lile bao moja, alikuwa amerudia kuupiga teke. Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa na mtu mpya aliyekuwa anasoma gazeti. Anasoma gazeti! Robo ya nne tuko nyuma pointi nne, nikashuka mpaka kwenye simu ya sarafu iliyo ukutani karibu na kibanda cha soseji, nikapiga Arizona nimtolee Elwyn hasira zangu. Akapokea Joanne.

"Baba yuko nje," akasema. "Amesimama uani kando ya pipa la taka tangu mechi yenu ianze, na jua hili! Nimembembeleza aingie, hataki. Lorna, nyinyi watu mna nini?"

Juu ya kichwa changu miguu ikaanza kuzipiga mbao. Kengele ya Duane ikalia. Tulikuwa tunakwenda mbele.

"Lorna? Nimwambie nini?"

"Mwambie avae kofia," nikasema, "na asiingie ndani kwanza."