Kisiki cha Uweso

"Mtume!" Uweso alisema, na panga likamponyoka nusura limkate kidole cha mguu.

Kisiki chake cha mkole, alichokikata kwa mkono wake mwaka jana, kilikuwa kimepambwa kama bibi harusi. Vitambaa vyeupe, vyeusi na vyekundu vilining'inia kwenye kila chipukizi. Chini palikuwa na chetezo cha ubani, chupa ya marashi na kisahani cha haluwa.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, tusimsingizie mtu. Mchonga mishale yeyote anajua kwamba matawi ya mkole wa porini yamepinda, lakini ukiukata mpaka chini, mwakani unatoa fito zilizonyooka, unene wa kidole, za mshale hasa. Tabu ni wakata kuni. Basi Uweso alichana pindo la kikoi chake chekundu, akalifunga kwenye kisiki ili watu wajue kina mwenyewe. Kitambaa chekundu, kwenye kisiki, kando ya njia ya Kigombe! Mtu mzima, mzaliwa wa hapahapa! Alitegemea wapita njia wafikiri nini? Wa kwanza alidhani ni mzimu akaacha sarafu. Wa pili aliiona sarafu, akaenda kuleta ubani. Na wale wanaokemea mambo hayo kila Ijumaa nao walikuja, ila walikuja kimyakimya.

Na fito zenyewe, loo, zilikuwa nzuri! Uweso alizihitaji mno. Nyani walikuwa wakimmalizia mahindi Bi Kijakazi, mjane wa ng'ambo ya korongo, naye Uweso alikuwa amemwahidi mishale. Kusema kweli mishale ilikuwa kisingizio tu. Uweso alikuwa mgane, na alimtaka yule mama mpaka usingizi ukamruka, lakini kila akifungua kinywa aseme la moyoni, yalitoka ya nyani.

Aliangaza huku na huku. Alionja haluwa kidogo, akatia tonge moja nono kinywani, kisha akaokota panga. Hapo akasikia ndara zinakuja. Akajitupa nyuma ya kichaka, haluwa bado imejaa kinywani.

Alikuwa Kijakazi. Alivua ndara, akakaa, akaitengeneza kanga yake.

"Shikamoo, mzimu."

Uweso nusura aitikie.

"Mimi sina mengi," Kijakazi alisema. "Nyani wamenilia mahindi, sasa wananilia akili. Mudathir kaniletea spika inayobweka kama mbwa. Siku ya kwanza walikimbia. Siku hizi wanakaa chini wanasikiliza, na jana wameondoka nayo. Huyo Mudathir anataka kunioa, anangoja jibu Ijumaa hii. Kuna mwingine, fundi wa mishale. Mtu mwema, moyo wangu uko kwake, lakini kinywa chake kimeshika kutu. Anakunywa chai yangu, anasimulia nyani, anaaga. Kama ana neno alitoe leo. Kama hana, nitamkubali Mudathir nipumzike."

Uweso alipima mambo kule kichakani. Akitoka, ni mwizi wa haluwa ya mzimu. Asipotoka, Ijumaa hiyo inakuja. Akachagua njia ya tatu, ya kijinga kuliko zote. Alikaza koo, akaitia sauti unene.

"Kijakaziii! Mngoje fundiii!"

Ndege wakaruka. Kijakazi hakushtuka.

"Mzimu," alisema, "meza haluwa kwanza."

Uweso alitoka kwa magoti, majani kichwani. "Bi Kijakazi, wallahi hapa hapana mzimu. Ni kisiki changu. Nilifunga kitambaa..."

"Cha kikoi chako. Ala! Umekivaa barazani kwangu mpaka kikawa wavu, nisikijue? Na leo nimekuona ukipita na panga."

"Sasa umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kusema na wewe. Nyumbani kwangu husikii, unatazama nyani."

Uweso alifungua kinywa. "Hao nyani..." alianza.

Kijakazi akaanza kuvaa ndara.

"Nyani baadaye!" Uweso alipiga kelele. "Nakutaka wewe, Kijakazi. Nataka nikuoe. Nimeogopa muda mrefu, na sasa naogopa zaidi."

Kijakazi alimtazama sana, machozi yakimlengalenga, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, kata fito zako. Hao nyani wako hawajafunga kula."

Alifungua vitambaa kimoja kimoja, akaishika kila fito ili isitikisike, naye Uweso akaikata kwa chini, mshazari, polepole kuliko ilivyohitajika. Walipomaliza, kisiki kilibaki uchi na kile kipande chekundu tu. Kijakazi akachana pindo la kanga yake, akalifunga kando yake.

"Ili mwakani wajue ni chetu," alisema.

Wakashika njia, yeye na kisahani cha haluwa, Uweso na mzigo wa fito begani, wakibishana nani atamwambia Mudathir.

Hawajafika korongoni, mwanamke mmoja mwenye kuni kichwani akatokea pale kisikini kutoka upande wa pili wa njia. Aliona kisiki kilichokatwa upya na vitambaa vyake viwili. Akasimama. Akatua kuni taratibu, akavua ndara, akaanza kufungua fundo la kanga yake atafute sarafu.