Suruali ya Kinyozi

Wengine huoana kwa kupendana, wengine kwa kuchaguliwa na wazazi. Mimi na mwoka mikate tulioana kwa ajili ya chumba.

Mama mwenye nyumba, ulimi wake mkasi, hakupangisha mtu mpweke. "Mwanamke mpweke ataniletea wanaume, mwanamume mpweke ataniletea wanawake, na wote wataniletea kelele," alisema. Mimi mjane mwenye cherehani, nilitaka chumba kinachotazama barabara, wateja wanione. Yeye kapera aliyechelewa, kazi yake ya alfajiri, alitaka chumba cha nyuma chenye kiza alale mchana. Tulikutana mlangoni kwa huyo mama, sote tumeshakataliwa, na nyumba ilikuwa na vyumba hivyo hivyo viwili, cha mbele na cha nyuma. Tukatazamana. Haikupita muda tukasimama mbele ya msajili wa ndoa, tukatia saini. Tulipatana hivi: kila mtu na chumba chake, na mmoja akipata makao mengine, tuachane bila maneno.

Nikamwita Baba Mikate, naye akaniita Mama Cherehani, kama majirani tu. Alikuwa mrefu, mwembamba kama ufito. Ungedhani mikate huitazama tu, haili. Akirudi kazini huniachia mmoja mezani, nami humtegea kitendawili kabla hajaingia kulala.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Mkate."

"Yai, baba! Yai!"

"Kwani mkate una mlango?"

Kwake kila kitendawili jibu lake mkate. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano, na sikuona kuwa ni jambo. Wala sikuona jambo nilipoanza kushona kwa mkono mchana kutwa, yeye amelala, cherehani imefunikwa, wateja wananung'unika kwamba nguo zao zinachelewa. Nilijiambia cherehani inapumzika. Chuma kile, jamani, kinachoka?

Siku moja akaweka mkate mezani, asiondoke.

"Mama Cherehani, tajiri wangu amenipa chumba kule kule kwenye tanuri. Jumamosi nahamia."

"Hongera," nikasema. Ndivyo tulivyopatana, ningesema nini?

"Ahsante."

"Kitendawili," nikamwambia.

Hakusema tega. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango polepole.

Nikabaki na sindano mkononi, nimesahau nilikuwa nashona nini. Hasira zilinijaa, lakini hasira za nini? Mtu kapata chumba. Mwenye nyumba alishanizoea, asingenitoa. Chumba ninacho, barabara ninayo, na bado kifua kimenibana kama gauni lililokosewa makwapa.

Kesho yake akaja kinyozi wa ng'ambo ya barabara kuchukua suruali yake. Ni mtu mfupi, mnene, wa kuviringika. Akaingia nyuma ya pazia kuijaribu, nikamsikia anahema, kisha anacheka.

"Dada, huyu twiga wako yuko wapi nimpelekee suruali yake?"

Akatoka. Miguu ya suruali imemfunika viatu, inaburuta sakafuni, na kiuno kimekataa kufunga. Amekishikilia kwa mikono miwili.

"Lakini nilikupima," nikasema.

"Kunipima ulinipima. Umemkatia mwingine."

Nikamwomba radhi, nikakata nyingine, vipimo vyake nimeviandika kwa chaki pale pale mezani. Nilipomaliza nikaitandaza. Ile ile! Miguu mirefu, kiuno chembamba. Sikuwahi kumpima Baba Mikate hata siku moja, na huyo hapo amelala mezani kwangu, kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mwenye nyumba akapita, akachungulia. "Unamshonea mumeo?"

"Ya kinyozi hiyo, mama."

Akaitazama, akanitazama. "Mwanangu, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki."

"Mimi sikohoi."

"Basi lako ni pumu."

"Mapenzi gani, mama, na mtu mwenyewe..." Nikajishika mdomo.

"Unadhani sijui? Mume gani anampigia mkewe hodi?" Akaenda zake anacheka, akaniacha nimezidi kuchanganyikiwa.

Jumamosi ikafika. Alikuwa ameshafunga mzigo wake kwa shuka, amejitwika begani. Nikaenda mlangoni kwake kumuaga, na maneno ya kuaga yakanikimbia.

"Unahama," nikasema.

"Ndivyo tulivyopatana."

"Ndivyo."

Akangoja. "Mama Cherehani, unaniaga au unanizuia? Maana umeziba mlango."

Nikajitazama. Kweli, nimeuziba, mikono imeshika miimo huku na huku.

"Sijui," nikasema. "Kinyozi nimemharibia kitambaa mara mbili. Sijui nina nini mimi."

Akashusha mzigo, akaukalia.

"Na mimi sijui. Juzi nilikwenda kukiona hicho chumba, nikagombana na tajiri. Nikamwambia dirisha dogo, mwanga hautoshi kushonea, na wateja watapita wapi? Akaniuliza, 'Wee bwana, umeanza kushona lini?'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Mpaka sasa najiuliza."

Tukawa hivyo, yeye juu ya mzigo, mimi mlangoni, watu wazima wawili tusiojua tumepatwa na nini. Nikamwambia ainuke, anakunja mashati. Akainuka. Nikafungua shuka, nikayabeba mashati yake mpaka chumbani kwangu, nikaanza kuyatundika ukutani karibu na magauni yangu. Usiniulize kwa nini. Mikono ilikwenda, mimi nikaifuata.

Yeye amesimama anaangalia, haingii, hatoki. Shati la mwisho likakosa pa kukaa, misumari yote imejaa. Nikabaki nalo mkononi, nageuka huku na huku.

"Nilete nyundo?" akauliza.

"Lete," nikasema.