Mji Usio na Ukingo

Nimekaa chini kupumzika kidogo tu, mgongo kwenye ukuta wa chumba cha kompyuta, kwa sababu ni saa saba mchana na wote wamekwenda kula, na humu ndani kuna baridi ya kiyoyozi na mashine zinavuma kwa sauti moja. Sipaswi kulala. Juu ya meza ya Dakta Mbelwa, mwalimu wa hapa chuoni, kuna karatasi ya kusainiwa saa nane. Inasema chuma walichokipigia hesabu humu kinafaa kubeba paa la shule ya Mwanhembo, na Mwanhembo ndiko anakosoma mdogo wangu Kabula, darasa la nne, dawati la katikati. Na mimi asubuhi, nikifuta vumbi, nimeokota kipande cha chuma hicho kikakatika mkononi mwangu kama muhogo mkavu. Ndani kilikuwa na mchanga. Nimevibananisha vile vipande viwili vikaonekana kimoja, nikavirudisha mezani, nikanyamaza. Mimi ni mfagiaji, niliacha shule darasa la tano, na wao wamekwisha kuthibitisha. Nafumba macho nisiione ile karatasi, na sakafu niliyoipiga deki sasa hivi inalainika chini yangu kama uji, nami nazama.

Natokea barabarani. Barabara ni nyeupe, imenyooka, na pande zote mbili kuna nyumba zinazofanana, mlango wa bluu, kiti, sahani ya nyama, mtu mnene anakula. Mtu mnene anatema mfupa, na wa nyumba ya pili anatema mfupa, na wa tatu, mpaka macho yangu yanapoishia, mifupa yao yote inaanguka kwa mlio mmoja. Mtu aliyevaa koti jeupe la maabara ananisubiri njiani, na mahali pa uso wake hapana kitu, ngozi imevutwa laini kama donge la unga lililokandwa, inatoa jasho la mafuta. Shikamoo, namwambia, maana bila uso siwezi kukisia umri wake. Marahaba, dada, ingawa bado sijazaliwa, anajibu, na donge linatikisika kwa kicheko. Namuuliza njia ya kutoka. Kitendawili, anasema. Tega, nasema. Nikitoka mashariki naingia magharibi, nikipanda juu natokea chini. Nafikiri, natembea huku nafikiri, na kila nikifika mwisho wa barabara niko mwanzo wake tena, sahani ile ile, ila sasa nyama imeota utando wa kijani na mtu mnene bado anaitafuna. Sijui, nasema. Basi nipe mji. Nyumbani mimi na Kabula tunacheza hivyo, anayeshindwa anatoa mji wowote, mwenzake anajisifu kwamba amekwenda huko amekula amelala, halafu ndipo anataja jibu. Ni mchezo tu. Nakupa mji wetu, namwambia, ule nilikozaliwa, wenye kiwanda cha matoroli. Anacheka mpaka mafuta yanamchuruzika shingoni. Huo nilipewa zamani na baba yako! Haya, sikudai mwingine, jibu ni mji huu. Wamekata kisanduku kimoja kidogo cha chuma wakakirudia pande zote, juu, chini, bila mwisho, ili hesabu iwe nyepesi. Na mimi nakumbuka Dakta Mbelwa akiwaonyesha wanafunzi picha ya chuma ukutani, vidonge vyekundu ndani ya kisanduku, kinachotoka kulia kinaingia kushoto, mimi nikifuta madirisha, nikaelewa, nikaona aibu kuelewa. Nani anafagia hapa? namuuliza, maana sioni hata punje ya vumbi na bado kunanuka. Hakuna uchafu, dada. Uchafu haukuingizwa kwenye hesabu.

Anafungua mlango mmoja wa bluu na ndani yake ni kiwanda cha baba, chote, na paa lake la bati, kama kilivyokuwa wakati kilipokuwa cha umma, kabla serikali haijaachana na mambo ya ujamaa na kuanza kuuza. Katikati kuna meza ndefu na watu wanene wale wale wameizunguka, wanakula kiwanda. Mmoja ananyonya grisi kwenye gia kama anayenyonya uboho. Mwingine ametafuna gurudumu la toroli na mpira umemnasa menoni, anauvuta kwa kucha, anautazama, anaurudisha mdomoni. Wanacheua. Wanafutana videvu kwa bendera ya chama cha wafanyakazi. Nyuma yao wamesimama wafanyakazi, wamevaa mashati yao ya Jumapili, wanatazama viatu. Kitendawili, anasema mmoja wa wanene bila kuacha kutafuna. Tega, wanasema wafanyakazi, kwa sauti ndogo. Ni mali ya wote na haina mwenyewe. Wafanyakazi wanazidi kutazama viatu. Nipeni mji! Na baba yangu, mchomeaji vyuma, baba yangu mwenye mikono yenye makovu ya cheche, anasema, nimekupa. Nasikia kinyaa, na si kwa ajili ya wanene. Baba, kwa nini? Hanitazami. Waliandika mashine kubwa ni mbovu, mwanangu, iuzwe kama chuma chakavu. Na ilikuwa nzima? Ilikuwa nzima, nilikuwa nimeitia mafuta asubuhi ile ile, ilikuwa inaimba. Sasa si ungesema! Nilisimama, anasema baba, wakanitazama, wana kalamu mfukoni, nikakaa. Wakaipeleka kwenye tanuru, wakaiyeyusha na kutu yake, na mchanga wa sakafuni, na kila kitu.

Asiye na uso ananishika kiwiko, kiganja chake kina unyevu kama ulimi. Cha mwisho, dada. Kitendawili. Tega, nasema, kwa sababu katika mchezo huu hakuna neno jingine la kusema. Ni kweli, na katika mji huu hakuna njia ya kuithibitisha. Najua jibu. Nalijua kabla hajamaliza, lipo hapa kooni, lakini watu wanene wamegeuka wote kunitazama, midomo inang'aa, na mimi ni mtu ambaye hata dukani nanyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka. Natazama viatu. Umeshindwa, anasema. Nipe Mwanhembo. Wanasogeza viti. Mmoja ananawa kwa mate. Sahani inaletwa, imefunikwa kwa bati jipya, na chini ya bati nasikia watoto wanaimba jedwali la saba, saba mara moja saba, na katikati ya sauti hizo iko ya Kabula, anayeharakisha siku zote ili amalize wa kwanza. Mnene wa karibu anaingiza kidole chini ya bati na kukilamba. Hapo kinyaa kinanipanda kutoka miguuni, kinyaa cha kidole kile, cha mate, cha baba, cha kinywa changu mwenyewe kilichofungwa mpaka kikaanza kuoza, na kinyaa kinashinda aibu. Kimekatika, nasema. Thibitisha, wanasema wote. Siwezi. Kimekatika mkononi mwangu leo asubuhi na ndani kina mchanga. Dada, kwa mujibu wa hesabu hakiwezi kukatika. Kimekatika! Kimekatika!

Nini kimekatika, Nyamizi? Dakta Mbelwa amesimama mbele yangu, kalamu mkononi, ananukia pilau. Mashine zinavuma. Niko sakafuni, suruali imelowa maji ya deki, na mdomo wangu bado unakwenda. Namwambia. Namwambia yote bila kuinuka, kipande, mchanga, nilivyovibananisha, paa, dawati la katikati. Anakwenda mezani, ananyanyua kipande kwa vidole viwili, na nusu moja inabaki pale pale. Hageuki. Nyuma yake dirishani naona jengo linalofanana na letu, na dirishani mwake mtu aliyempa mgongo mtu mwingine aliyekaa sakafuni, na sijui kama ni kioo, sijui kama nimeamka au nimeingia tu kwa upande wa magharibi. Kisha Dakta anakwenda mlangoni, anausukuma polepole mpaka unafungika, na anauliza kwa sauti ya chini, laini, isiyo na hasira hata kidogo. Nani mwingine anajua?

Kila mtu, namwambia, na nainuka nikaufungue mlango, ili iwe kweli.