Picha ya Mbuzimawe

Jumapili moja ya kila mwezi fundi friji hakupokea simu ya mteja, hata kama nyama ilikuwa inaharibika buchani kwa mtu. Siku hiyo alishusha mitungi ya gesi na mabomba ya shaba kutoka kwenye pikapu, akafuta viti kwa kitambaa chenye maji, akampakia mkewe, watoto wao wawili na kikapu cha chakula, wakaenda kutembea. Kulikuwa na hifadhi ya milima mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini, na mara nyingi huko ndiko walikoelekea. Walirudi jioni wakiwa na vumbi hadi masikioni.

Kamera aliinunua kwa mteja aliyekuwa anahama na kuuza vitu vyake. Mwanzoni alipiga picha za watoto: wakila, wakilala, wakigombania dirisha. Baadaye akaanza ndege, kisha nyani, kisha pundamilia na mawingu yanayokaa juu ya vilele. Akanunua lenzi ndefu, akajifunza kulala kifudifudi kwenye majani yenye umande akisubiri mnyama ageuze shingo. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na safari zile alizipenda kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo mguu wake haukukanyaga cherehani. Lakini alikuwa ameona kitu. Usiku mmoja katikati ya wiki, walipokaa kutazama picha, alimwambia mumewe kwamba wanawe wangekuwa na mikia angekumbuka kuwapiga picha. Wote walicheka. Fundi naye alicheka, ingawa utani ule ulimkaa rohoni siku kadhaa.

Mtoto wa kwanza alikuwa na miaka kumi. Mdogo wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, alimwita Dada, na mwishowe nyumba nzima ikamwita hivyo, hata baba yake. Dada peke yake ndiye aliyekuwa tayari kupanda mlima na babake. Alimbebea mkoba wa lenzi, akajua kukanyaga bila kuvunja kijiti, na akajua kunyamaza. Mtu aliyemwona nyumbani, mdomo haufungwi tangu anapiga mswaki mpaka anasinzia, asingeamini kwamba ni yeye.

Mwaka ule mwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, ambaye fundi alimtengenezea friji la ofisini, aliona picha ya mbega kwenye simu ya fundi akavutiwa. Akamwambia amletee nyingine kwa ajili ya kalenda, lakini iwe na mnyama na mlima pamoja, mnyama asiwe mdogo na mlima usiwe na ukungu. Fundi alijua papo hapo anamtaka nani. Kule juu kulikuwa na mbuzimawe, paa mdogo mnene anayesimama juu ya mwamba kwa ncha za kwato, kama mtu aliyevaa viatu vya visigino virefu. Alishamwona mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anabadilisha lenzi.

Jumapili hiyo walifika langoni mapema. Mlinzi wa hifadhi, mwanamke mrefu mwenye redio begani, aliwaambia kwamba wiki ile ukungu ulikuwa unashuka bila kupiga hodi, na kwamba anayepanda ahakikishe ameshuka kabla ya mchana kukolea. Fundi alijibu kwamba wao ni wenyeji. Mdogo alikuwa na kikohozi, kwa hiyo mama alitandika mkeka kwenye uwanja wa chini wenye meza za mawe, akabaki naye. Alimfunga Dada kamba za viatu mara ya pili, akamwambia mumewe wasichelewe.

Walipanda wawili. Miti iliisha, yakaanza majani mafupi na miamba mikubwa iliyotupwa ovyo. Dada alimwonyesha baba yake pimbi waliojianika kwenye jiwe, baba akaitikia kwa kichwa bila kusimama. Kisha walipozunguka kona, fundi akaganda. Mbele, ng'ambo ya bonde dogo, mbuzimawe alisimama juu ya mwamba mwekundu, na nyuma yake kilele kilikuwa wazi, cheupe kwa mwanga. Palikuwa mbali kidogo tu.

Alimkalisha Dada kwenye jiwe bapa, akamnong'oneza.

"Kaa hapa hapa, usisogee. Narudi sasa hivi."

Akaondoka akitambaa. Alivuka bonde, akapanda upande wa pili kwa viwiko, pumzi ameibana. Kila alipoinua lenzi palikuwa na jani au jiwe linaloziba, akasogea tena. Mwishowe akapata upenyo. Mbuzimawe alikuwa ametazama kando. Fundi alisubiri ageuke.

"Baba."

Sauti ilitoka nyuma, si kubwa. Masikio ya mnyama yalicheza. Fundi hakugeuka. Alinyanyua mkono wa kushoto, kidole kimoja juu, kama mwalimu anayenyamazisha darasa.

"Baba, kunakuja..."

Alikitikisa kile kidole kwa nguvu. Kukawa kimya. Mbuzimawe akageuza shingo, akamtazama moja kwa moja, mwanga ukampata machoni, na fundi akabonyeza, akabonyeza tena na tena mpaka mnyama aliporuka akapotea. Aliiangalia picha kwenye kioo cha kamera, akacheka peke yake. Alikuwa ameipata. Alipoinua kichwa ili amwite bintiye aje aone, hapakuwa na bonde. Palikuwa na weupe tu.

Alirudi akikimbia kuelekea alikodhani ametokea. Alifika kwenye jiwe bapa, halikuwa lenyewe. Akafika kwenye lingine. Kila jiwe pale lilikuwa bapa. Aliita, "Dada," akaita kwa jina lake la shule, akaita mpaka koo likakauka. Ukungu ulimeza sauti, au ndivyo alivyojiambia. Alizunguka, akateleza, akachubuka goti, akaita tena. Alipohisi kwamba anazunguka pale pale, alishuka kutafuta msaada, mkono mmoja umeshika kamera isigonge mawe. Jambo hilo la mkono ndilo lililomrudia akilini baadaye kila alipofumba macho.

Mkewe alimwona anatokeza kwenye miti peke yake. Hakupiga kelele. Alimkabidhi mdogo kwa familia iliyokuwa inakula meza ya pili, watu asiowajua hata kwa sura, akaanza kupanda kabla mumewe hajamaliza sentensi. Mlinzi alikuja na wenzake wawili na filimbi. Njiani mama aliuliza mara moja tu ilikuwaje, na fundi akaeleza kwamba alimkalisha mtoto kwenye jiwe, akasogea kupiga picha, ukungu ukaingia ghafla. Habari ya kuitwa hakuitaja. Wala ya kidole.

Walifika kwenye miamba. Mlinzi aliwapanga kwa mstari, kila mtu amwone mwenzake, akapuliza filimbi. Wakasikiliza. Hakuna kitu. Fundi akaita, sauti imekwaruza. Hakuna kitu. Ndipo mama akaweka mikono mdomoni, akaita mara moja, si kwa nguvu sana, kama anavyomwita kutoka uani.

"Abee, mama."

Jibu lilitoka karibu sana, hata mlinzi alishtuka. Walimkuta Dada chini ya mwamba ulioning'inia, magoti kifuani, mkoba wa lenzi mapajani, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Jiwe bapa lilikuwa hatua chache tu pembeni. Kwenye udongo wenye majimaji mbele ya mwamba palikuwa na alama za viatu vya fundi, zinakuja, zinapita, zinarudi. Mama hakuziona, alikuwa anamvua mtoto nguo mbichi na kumfunika kwa kanga yake. Fundi aliziona.

Njiani kurudi mjini mdogo alitaja kila ng'ombe aliyemwona.

Wiki zilizofuata Dada alikwenda shule, akala, akafanya kazi zake. Kwa mama yake alikuwa yule yule wa maneno mengi. Kwa baba yake alijibu alichoulizwa tu. Fundi aliinama kwenye kompresa za watu, akachomelea mabomba, na kila moto ulipozimika alijikuta anawaza zile alama kwenye udongo. Hata hivyo picha aliituma. Alijiambia kwamba ile ni ahadi, na kwamba kuikalia hakungembadilishia mtu yeyote kitu. Hakumwambia mkewe.

Mwenye kiwanda alipiga simu Jumamosi adhuhuri, wakiwa wote sebuleni. Mama alikuwa anatia kola kwenye mashati, Dada anamsaidia kushona vifungo. Mikono ya fundi ilikuwa na grisi, akabonyeza spika. Mwenye kiwanda alimpongeza kwa sauti ya kujaza chumba, akasema mbuzimawe huyo ndiye atakayekaa kwenye jalada la kalenda, na kwamba hajawahi kuona mnyama anamtazama mtu namna ile.

Cherehani ilinyamaza.

"Umeituma," mama alisema. Halikuwa swali.

Dada alichoma sindano kwenye kitambaa, akaweka shati juu ya meza vizuri, akatoka nje. Fundi alimfuata. Alimkuta amekaa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia. Akakaa pembeni yake, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, akaanzia pale palipomuuma.

"Siku ile, ulinisikia nikikuita?"

"Nilisikia."

"Nilipita karibu?"

"Ulipita hapa." Alinyoosha mkono, umbali wa kutoka kwao hadi ukutani. "Niliona viatu."

"Sasa mbona hukuitika, mwanangu?"

Dada alikuna rangi iliyobambuka kwenye bodi ya gari.

"Mimi ndiye niliyekuita kwanza. Ukungu ulikuwa unakuja, nikaogopa. Ukaninyamazisha. Nikanyamaza." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Halafu ulipoanza kuniita, nilitaka uendelee. Nilitaka uniite sana."

Fundi alifungua mdomo kumweleza kwamba angeweza kufa kwa baridi, kwamba mama yake angepata wazimu. Yote yalikuwa kweli na yote hayakufaa kutoka kwake. Alisema tu kwamba alikosea, na kwamba siku ile alimsikia akimwita, alimsikia vizuri kabisa. Dada aliitikia kwa kichwa. Hilo alikuwa analijua.

"Mama anajua?" Dada aliuliza.

"Hajui."

"Basi mwambie wewe. Mimi nimechoka kukaa nalo."

Alirudi ndani akamwambia mkewe yote, amesimama, mikono ile ile ya grisi ameiacha wazi kama mgeni asiyejua pa kuiweka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtaka aanze upya, na safari hii asiharakishe. Alipomaliza mara ya pili, mama alichukua mkasi akaendelea kukata uzi kwenye kola.

"Baba Dada," alisema, "ungenidanganya kuhusu mwanamke mwingine ningejua pa kuanzia kugomba. Hili sijui hata nilishike wapi."

Siku hiyo hiyo fundi alimpigia simu mwenye kiwanda akaomba picha yake itolewe. Yule bwana alinuna, akasema watu wenye vipaji wana matatizo, akaweka picha ya tembo ya mtu mwingine. Hakuna aliyemshukuru fundi kwa hilo nyumbani, naye hakutegemea kushukuriwa. Safari za Jumapili zilikoma. Mama alilala chumba cha watoto msimu mzima wa mvua, akisema ni kwa ajili ya kikohozi cha mdogo, ambacho kilikuwa kimeisha zamani.

Mvua zilipokatika, ni mama aliyesema watoke kidogo, watoto wamechoka na kuta. Masharti yalikuwa yake: hawapandi, na Dada hatoki machoni pake. Walikwenda kwenye tambarare chini ya milima, wakasimama kando ya barabara ambapo pundamilia walikuwa wanakula. Fundi alibeba mkoba wa lenzi mwenyewe. Alikuwa amepiga picha chache, bila haraka, alipoona kivuli kifupi pembeni ya chake.

Dada alinyoosha mkono. Fundi akavua mkanda shingoni, akampa kamera. Mtoto hakuwaangalia pundamilia. Aliielekeza juu, kule kwenye miamba, akarekebisha lenzi kama alivyofundishwa, akatazama kwa muda mrefu. Fundi hakumuuliza anaona nini. Kisha Dada akamrudishia kamera kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, akaenda kukaa kwenye mkeka na mama yake.